Breki Hazikatai

Kauli ya "breki zilikataa" ni miongoni mwa kauli zinazotamkwa kwa wepesi mno katika Kiswahili cha barabarani. Dereva huitoa mbele ya askari, utingo huitoa mbele ya waandishi wa habari, nasi wasomaji huipokea kama tupokeavyo taarifa ya mvua. Ukiichunguza kisarufi, utaona kwamba kauli hiyo huiweka breki katika nafasi ya mtenda, kana kwamba ni kiumbe mwenye nia, aliyeamka asubuhi akaamua kugoma. Akishapatikana mgomaji, mwenye gari hana lawama, fundi hana lawama, na dereva hana lawama.

Makala haya yanashikilia kwamba breki hazikatai. Breki huchakaa, hupata joto, huvuja, na hubebeshwa kazi iliyozidi kadiri yake. Mambo hayo yote aghalabu hutanguliwa na dalili, na dalili hizo huonekana na yeyote aliyefundishwa kuzitazama. Mfano nitakaoutumia ni lori kuukuu la kukokota magari mabovu, lile ambalo vijana wa gereji huliita "brekdauni". Nimelichagua kwa sababu moja: ndilo gari la pekee barabarani ambalo kazi yake ya kila siku ni kujisimamisha lenyewe na kusimamisha gari jingine lisiloweza kujisimamisha.

Mahali pa kulitazama lori hilo ni Kawangware na Kibera. Anayepita Barabara ya Naivasha, kutoka Dagoretti Corner kuelekea Kawangware, hupita kati ya wauza mboga, wauza mitumba, mikokoteni, bodaboda na watoto watokao shuleni, wote wakigombania ukingo mmoja wa lami. Hali si tofauti kandokando ya Kibera Drive. Katika barabara kama hizo, lori la tani nane lililoning'iniza lori jingine nyuma halina uwanja wa kujaribia bahati. Likihitaji mita kumi zaidi ili lisimame, mita hizo kumi zina watu ndani yake.

Wala hatuna haja ya kubuni mifano ya msiba. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lililobeba kontena lilishindwa kudhibitiwa, likaingia katika magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu wasiopungua 50 walifariki. Sisemi kwamba chanzo chake kilikuwa breki. Nasema kwamba lori zito lisilosimama, mahali penye soko, ndilo jambo tunalopaswa kulikinga kabla halijatokea.

Ulindi na uwimbombo

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha methali ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" anaweza kuanzia hapo hapo somo la breki. Wazee wetu walipekecha ulindi juu ya uwimbombo, msuguano ukazaa joto, joto likazaa moto. Breki ya dramu ni jambo hilo hilo ndani ya gurudumu. Dereva akanyagapo pedeli, viatu viwili vya chuma vilivyovikwa laini hutanuka na kusugua upande wa ndani wa dramu inayozunguka. Mwendo wa gari haupotei hivi hivi: hugeuka kuwa joto, na joto hilo halina budi kutoka kwenda hewani. Breki, basi, ni mtambo wa kugeuza mwendo kuwa joto na kulitupa. Kuboresha breki maana yake ni kuuwezesha mtambo huo kufanya kazi zote mbili, au kuupunguzia mzigo.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuikagua. Lori la tani 8 linakokota lori jingine la tani 12. Jumla ni tani 20. Msafara huo ukiteremka kimo cha mita 100 bila kuongeza kasi, nishati ya takriban megajuli 20 hutolewa. Sehemu yake huliwa na msuguano wa matairi na upinzani wa upepo. Iliyobaki, ikiwa dereva hatumii injini kujizuia, huangukia breki. Megajuli 20 ni joto linalotosha kuchemsha jerikani tatu za maji, zile za lita 20 tunazozipanga kwenye bomba. Joto hilo lote latakiwa kupita katika vyuma vichache vya magurudumu kwa muda wa dakika chache. Lori hilo lingekuwa peke yake, joto hilo lisingefika nusu.

Tena, kasi nayo ina hesabu yake. Ukiongeza kasi maradufu, kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nishati ya kusimamishwa haiwi maradufu bali huwa mara nne. Ndiyo sababu dereva aliyezoea kwamba "breki ni nzuri" kwa mwendo wa mjini hushangaa anapozihitaji kwenye mteremko.

Dramu ikipata moto kupita kiasi hutanuka na kujitenga na viatu, na laini nayo hupoteza ukali wake wa kushika. Pedeli hushuka zaidi, harufu ya kuungua husikika, na lori huanza kuteleza kama lililopakwa mafuta. Katika breki za mafuta kuna hatari nyingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka ipitavyo. Kiwango cha Marekani hutaka mafuta ya daraja la DOT 3 yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya; yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama mpira uliojaa upepo. Dereva hukanyaga, mguu ukafika sakafuni, na lori likaendelea na safari. Hapo ndipo husema kwamba breki "zimekataa", ilhali mafuta hayo pengine hayakubadilishwa kwa miaka mingi.

Neno moja, amri tatu

Sasa niingie katika uwanja wangu, maana mtaalamu wa isimu hana ruhusa ya kukaa gereji siku nzima asiseme lolote juu ya lugha.

Tuseme fundi anamwamuru mwanagenzi wake: "Toa hewa!" Amri ni fupi na yaeleweka. Lakini lori lililo mbele yake ni la aina gani? Ikiwa ni lori la breki za mafuta, kama yalivyokuwa malori mengi ya zamani ya wastani, hewa ni adui. Povu dogo ndani ya paipu hulainisha pedeli, na kutoa hewa ni tiba. Ikiwa ni lori la breki za hewa, hewa ndiyo mtumishi. Kompresa huijaza ndani ya matangi, pedeli huifungulia njia, nayo husukuma viatu. Katika lori la zamani la namna hiyo lisilo na springi za akiba, kutoa hewa ni kuliondolea breki kabisa. Na ikiwa ni lori lenye springi za breki kwenye ekseli ya nyuma, mambo hugeuka tena: ni hewa inayoizuia springi, na ukiitoa springi hufyatuka, magurudumu yakakwama pale pale. Amri ni moja, matokeo ni matatu: tiba, maafa na pingu.

Springi hizo zina hekima ya kale ndani yake. Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya hewa ya treni mwaka 1869. Katika mfumo huo wa kwanza, paipu ikipasuka treni ilibaki bila breki. Miaka michache baadaye aliugeuza mpango, akafanya upungufu wa hewa ndio unaozifunga breki, ili behewa lililokatika lijisimamishe lenyewe. Kanuni hiyo ndiyo tunayopaswa kuitafuta katika kila lori kuukuu: kifaa kikiharibika, kiharibike kwa upande wa usalama.

Tazama pia kitenzi "kufunga". "Funga breki" yaweza kumaanisha zikanyage, yaweza kumaanisha zirudishe mahali pake baada ya kuzifungua kwa matengenezo, na wapo wanaoitumia kwa maana ya kuzikaza. Kinyume chake, "fungua breki", ni kuziachia au ni kuzibomoa? Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Chini ya lori lenye uzito wa tani nane, mwanagenzi aliyelala kifudifudi hana nafasi ya kusubiri muktadha.

Sitoi mifano hii ili kuwacheka mafundi. Lugha yao ni hai na ina ubunifu mwingi. Dramu, pedi, masta silinda na kompresa ni maneno ya Kiswahili sasa, na atakayeyafukuza atakuwa anafukuza wasemaji. Ninalosema ni kwamba lugha yoyote ya kazi hufikia hatua ya kuhitaji kutenganisha maana zinazoweza kuua. Marubani wametenganisha zao. Madaktari wametenganisha zao. Fundi wa Kawangware naye anastahili kusema "ondoa povu" anapotaka povu, na "punguza hewa ya tangi" anapotaka jambo hilo.

Marekebisho yenye mpangilio

Je, mwenye lori kuukuu la kukokota afanye nini? Wengi hukimbilia kifaa kikubwa kabla ya kutengeneza kilichopo. Mpangilio ufaao huanza na vitu vya bei nafuu.

Kwanza, breki zirudishwe katika hali yake ya asili. Dramu zipimwe kipenyo, kwa kuwa kila dramu ina kikomo chake cha kuchongwa. Dramu iliyochongwa mno ni nyembamba, hupata moto upesi na hupasuka. Laini zibadilishwe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, za aina moja. Ukibadilisha upande mmoja, lori litavutwa upande huo. Vumbi la laini kuukuu lisipulizwe kwa kompresa, kwani laini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu ya fundi na ya jirani yake mwenye kibanda cha chai.

Pili, mafuta ya breki yamwagwe yote na kubadilishwa, na mipira iliyopasukapasuka itupwe. Katika lori la hewa, matangi yamwagwe maji kila siku, na wenzo wa kurekebisha viatu ukaguliwe ili fimbo inayousukuma isisafiri mbali kuliko ilivyopangiwa. Kazi hii haihitaji kipuri chochote, na ndiyo inayosahauliwa mara nyingi.

Tatu, malori mengi ya zamani yalitengenezwa na njia moja tu ya mafuta. Paipu moja ikikatika, magurudumu yote hukosa breki. Kufunga masta silinda yenye vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, huhakikisha kwamba hasara ya upande mmoja haiwi hasara ya yote. Kazi hii ifanywe na fundi aliyehitimu, kwa vipimo vinavyolingana na silinda za magurudumu.

Nne, kisaidizi cha pedeli, kile kinachotumia mvuto wa injini au hewa, kikaguliwe au kiongezwe. Hata hivyo, tusidanganyike: kisaidizi humsaidia mguu, hakimsaidii gurudumu. Dramu iliyoshindwa kutupa joto haitapoa kwa sababu pedeli imekuwa nyepesi.

Tano, na hapa ndipo manufaa makubwa yalipo kwa miteremko yetu, lori lifungiwe breki ya ekzosi, yaani valvu inayobana moshi utokao ili injini ya dizeli igeuke kuwa kizuizi. Joto sasa hutupwa kupitia injini, na dramu hubaki baridi zikingoja dharura. Kifaa hicho hakifanyi kazi gia zikiwa huru. Dereva anayeteremka bila gia ili kuokoa dizeli anauza breki zake kwa bei ya chupa moja ya soda.

Sita ni jambo la lori la kukokota hasa. Lori la breki za hewa linapoharibikiwa injini, kompresa yake hufa, hewa huisha, springi hufyatuka na magurudumu hukwama. Ili likokotwe, mafundi huzibana springi hizo kwa bolti. Magurudumu huzunguka, lakini gari hilo sasa halina breki hata moja. Njia bora zaidi ni lori la mbele kuwa na paipu za kupeleka hewa nyuma, ya kujaza na ya kuamrisha, ili gari linalokokotwa lisimame pamoja na mkokotaji wake. Mahali ambapo haiwezekani, mwendo uwe wa pole sana, na chuma cha kukokotea kitumike, kwani mnyororo huvuta tu. Hauwezi kulizuia gari la nyuma lisilivamie la mbele.

Mwishoni, wenzo na egemeo, somo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hulipitia. Tuseme ekseli mbili za lori ziko mita 4 mbalimbali, na ndoana iko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiinua tani 3 kwa ndoana hiyo, ekseli ya mbele hupunguziwa uzito wa tani 1 na nusu. Magurudumu ya mbele, yanayotegemewa kwa usukani na kwa sehemu kubwa ya breki, hubaki yakigusa lami kwa woga. Hakuna breki mpya itakayoponya hilo. Dawa yake ni kuinua kidogo, kuweka uzani mbele, au kukataa mzigo. Vilevile, lori likikaguliwa likiwa tupu na kupewa cheti, cheti hicho hakijasema lolote kuhusu siku ya mzigo.

Ama kubadilisha dramu kwa breki za diski, ni jambo zuri kwa sababu diski hupoa haraka. Lakini ni ghali, na hulazimu kubadilisha vitu vingi vingine. Aliyeruka hatua sita za kwanza akaenda huko ni sawa na aliyenunua mlango wa chuma kwa nyumba isiyo na ukuta.

Wajibu wetu wa darasani

Yote niliyoyaeleza yanajulikana. Tatizo ni kwamba yamefungiwa katika vitabu vya Kiingereza, ilhali mkono unaoshika spana hufundishwa kwa Kiswahili na Sheng, kwa mdomo, chini ya jua. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliueleza ulimwengu thamani ya kazi hizi zisizo rasmi. Mwaka 1992 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 2 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Waraka ulitaja mikopo, viwanja na mafunzo. Lugha ya mafunzo hayo ndiyo haijapewa uzito wake. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi ambao hauingii gereji ni wa sherehe.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Mwaka 1987, Rajmund Ohly alichapisha kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kilichopungua si maneno. Kilichopungua ni daraja kati ya kamusi iliyo rafuni na mwanagenzi aliye chini ya lori, na daraja hilo litajengwa na watu wanaozijua pande zote mbili.

Wengine watasema kwamba kipuri ni ghali na maneno hayanunui kipuri. Ni kweli. Lakini kumwaga maji ya tangi hakuhitaji kipuri, kukaza viatu hakuhitaji kipuri, na kuteremka kwa gia hakuhitaji kipuri. Sehemu kubwa ya usalama wa lori kuukuu ni maarifa yanayofuatwa kila asubuhi, na maarifa hufuatwa vizuri zaidi yakiandikwa katika lugha ambayo mtu huitumia kufikiri.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili kwa walimu wenzangu. Vyuo vya ufundi vitayarishe karatasi moja tu ya ukaguzi wa breki kwa Kiswahili, yenye hatua zisizozidi kumi, na kila neno litafutiwe maana moja kwa kushauriana na mafundi wenyewe wa Kawangware, Kibera na kwingineko. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani pa gereji, si katika maktaba.

La pili ni zoezi la darasani. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi sentensi hii: "Breki za lori zilikataa." Awaombe waiandike upya kwa kumtaja mtenda wa kweli. Mmoja ataandika kwamba mwenye lori hakubadilisha mafuta. Mwingine ataandika kwamba fundi alibadilisha laini za upande mmoja. Wa tatu ataandika kwamba dereva aliteremka bila gia akiwa amekokota tani kumi na mbili. Kisha mwalimu wa fizikia aingie darasa hilo hilo, awasaidie kueleza katika kila sentensi joto lilikwenda wapi.